Lavenda katika bustani kavu: kuipanda na kuitunza bila kuidekeza

Lavenda yangu ya kwanza niliiua kwa maji. Kila ikifika saa nane mchana naikuta imelegea vichwa, nami bila kufikiri nachukua kopo naimwagia. Kesho yake hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Baada ya mwezi majani ya chini yakawa manjano, halafu mche mzima ukafifia ukawa rangi ya jivu lililolowa. Nilipoung'oa haukunisumbua hata kidogo, ulitoka kama kijiti kilichochomekwa ardhini. Nikashika mzizi mmoja kwa vidole viwili nikauvuta: ganda la nje likavuka kama soksi, mkononi ukabaki uzi mwembamba. Udongo ulinuka mtaro. Kiu niliyokuwa naitibu haikuwepo kabisa.

Nimeanza na msiba huo kwa sababu wengi wenye bustani kwenye nchi kavu huiogopea lavenda jua na ukame, wakati vitu hivyo viwili ndivyo ilivyozaliwa navyo. Asili yake ni vilima vya mawe vinavyozunguka Bahari ya Mediterania, ambako udongo ni mwembamba na wenye chokaa, mvua hunyesha zaidi majira ya baridi, na kiangazi kizima huweza kupita bila tone la maana. Chuma jani moja ulitazame kwa karibu. Ni jembamba, kingo zake zimejikunja kwa chini, na limefunikwa malaika, yaani vinyweleo laini sana, ambao ndio wanaolipa ule ujivujivu. Malaika hao hurudisha sehemu ya mwanga wa jua na kuzuia unyevu usitoroke haraka. Mmea umekuja na mwavuli wake; usiukimbilie na wa kwako.

Hatua ya kwanza: chagua aina inayofaa hali yako

Neno "lavenda" hubeba mimea kadhaa yenye tabia tofauti, na wengi waliokata tamaa walikosea hapa kabla hata ya kugusa jembe.

Lavandula angustifolia ndiyo wengi huiita lavenda ya Kiingereza, ingawa kule Uingereza ilifika kama mgeni tu. Kwao ni milima ya kusini mwa Ulaya. Ni fupi, kwa kawaida sentimita 30 hadi 60, harufu yake ni tamu bila ukali, na ndiyo inayofaa zaidi jikoni. Aina zake zinazojulikana sana ni Hidcote na Munstead. Ila ina sharti: hupenda msimu wenye baridi ya kweli kabla ya kuchanua. Mahali ambapo usiku hauna baridi mwaka mzima, itakupa majani mazuri na maua ya kuhesabu.

Lavandula × intermedia, au lavandini, ni mseto wa hiyo angustifolia na Lavandula latifolia. Ni kubwa zaidi, vikonyo vyake virefu, hutoa maua mengi na mafuta mengi, lakini harufu yake ina kafuri ndani yake. Grosso na Provence ni za kundi hili. Kwenye joto kali huvumilia kuliko mzazi wake wa mlimani. Haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo mtu akikuuzia "mbegu za Grosso", mrudishie pakiti yake.

Lavandula dentata utaijua kwa majani yenye meno kama msumeno mdogo. Haidai baridi, na penye hali ya hewa tulivu huchanua karibu mwaka mzima. Barafu kali huiua. Kwa bustani kavu isiyo na baridi, mimi ningeanza na hii, hata kama harufu yake haifikii ya angustifolia.

Iko pia Lavandula stoechas, yenye vijani vilivyosimama juu ya ua kama masikio ya sungura. Inapendeza, lakini haielewani na udongo wenye chokaa nyingi. Kama ardhi yako kavu ina weupe weupe wa chokaa, ipite.

Na kwa aina yoyote, nunua au omba miche iliyotokana na vipandikizi. Mbegu huota taratibu na kwa kusuasua, na watoto hawafanani na mama: katika mstari mmoja utapata mrefu, mfupi, mwenye zambarau iliyokolea na mwenye rangi iliyopauka.

Hatua ya pili: jua na udongo

Jua halina mjadala: saa sita kwa siku ndiyo kima cha chini, nane ni bora. Penye joto la kuchoma, ambapo kipimo hupanda hadi nyuzi 40 na kukaa huko siku nyingi, angustifolia hushukuru ikipata kivuli chepesi cha alasiri. Nyingine ziache wazi.

Kazi yenyewe iko ardhini. Usidanganywe na uso mkavu wa bustani, kwa kuwa nchi kavu nyingi zina udongo wa mfinyanzi, au tabaka gumu la chokaa lililojificha kina cha mkono mmoja, na maji yakishaingia hapo hayana pa kwenda. Pima kabla ya kupanda. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe yote. Lijaze tena, na safari hii simamisha kijiti chenye alama uangalie saa. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa moja, usipande lavenda hapo ardhini. Itabidi uinue tuta.

Hapa watu hufanya kosa ambalo linaonekana kama busara. Wanachimba shimo kwenye mfinyanzi, wanalijaza mchanga na changarawe, wanapanda humo. Walichotengeneza ni bakuli. Kuta za mfinyanzi hazinywi haraka, maji yote ya jirani yanakusanyika humo, na mizizi inakaa majini kama chai kwenye kikombe. Kosa la pili ni kuchanganya mchanga kidogo kwenye mfinyanzi mwingi. Ukikauka unapata kitu cha kujengea ukuta.

Kinachofaa ni kupandisha. Tengeneza tuta la urefu wa sentimita 20 hadi 30, pana kiasi cha mizizi kutanuka, kwa kuchanganya udongo wako wa juu na changarawe ndogo au kokoto laini, karibu theluthi moja ya mchanganyiko wote. Kama chini kuna tabaka gumu la chokaa, litoboe kwa sururu sehemu kadhaa kabla ya kurundika. Ukiwa na mteremko umebarikiwa. Panda juu ya mteremko, wala si mwishoni kwenye mbonyeo.

Kuhusu uchachu, lavenda hupenda udongo usio na uchachu au wenye chokaa kiasi, pH ya kati ya 6.5 na 8. Udongo wa nchi kavu mara nyingi umeshaangukia humo wenyewe, kwa hiyo chokaa usiongeze kwa kubahatisha. Mboji iliyoiva vizuri weka kiganja kimoja kwa kila mche, basi. Samadi peleka kwenye mboga.

Hatua ya tatu: kupanda

Panda mwanzoni mwa majira ya ubaridi, ili mizizi ipate miezi ya kushuka kabla ya joto kurudi. Kama kwako majira ya baridi hugandisha ardhi, ngoja yaishe kwanza. Wakati wowote utakaopanda, fanya jioni.

Mche wa kitaluni kwa kawaida umelelewa kwenye mchanganyiko mwepesi, mweusi, unaofanana na sifongo. Ukiuhamisha ulivyo kwenye udongo mkavu wa changarawe, lile donge hukauka kabla ya kila kitu kingine, na likikauka kabisa maji hulipita pembeni bila kuingia. Umemwagilia, pamelowa kote, ila mizizi yenyewe imekauka. Kwa hiyo loweka donge kwenye ndoo dakika kumi hivi, kisha likung'ute taratibu mpaka mchanganyiko wa nje udondoke na ncha za mizizi zionekane. Mizizi iliyojizungusha kwa kufuata umbo la chungu ifungue kwa vidole. Ikikaidi, chana kwa kisu pande tatu. Haitakufa.

Weka mche ili shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki juu kidogo ya usawa wa tuta, sentimita mbili hivi. Udongo utashuka baada ya kumwagilia, na shingo iliyozikwa huoza. Shindilia kwa mkono, si kwa mguu. Mwagilia mara moja, kwa utulivu, mpaka maji yafike chini ya mizizi.

Nafasi: angustifolia sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche, lavandini 90 au zaidi. Wakati wa kupanda zitaonekana kama zimegombana. Vumilia. Upepo unaopita katikati yao ndio dawa ya ukungu.

Malizia na matandazo ya mawe: changarawe ya rangi nyepesi, unene wa sentimita 3 hadi 5. Hufunika udongo usikauke juu juu, huzuia magugu, na hurudisha mwanga na joto kwenye majani ya ndani ambayo kwa kawaida hubaki na unyevu. Nyasi kavu na maganda ya mbao yafae mimea mingine. Yakikaa kwenye shingo ya lavenda yanashika maji pale pale pasipotakiwa.

Hatua ya nne: maji

Lavenda huvumilia ukame ikishakomaa, na kukomaa huchukua mwaka mzima au zaidi. Mche mpya bado una mizizi ya urefu wa kiganja, hauwezi kwenda kutafuta maji kina cha mita. Waliosoma kwamba "lavenda haihitaji maji" wakauacha mche wa wiki mbili juani, wao wameiua kwa njia yao kama nilivyoiua kwa njia yangu.

Ratiba ninayoifuata ni hii. Wiki tatu au nne za kwanza, mara mbili kwa wiki, lita mbili hadi tatu kwa mche. Kisha mara moja kwa wiki hadi joto kali lipite. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, kila siku kumi hadi kumi na nne. Kuanzia mwaka wa pili, kila wiki mbili au tatu wakati wa ukame mpaka matumba yatokeze. Yakitokeza, rudi mara moja kwa wiki hadi umalize kuvuna, maana maua ndiyo yanayokunywa. Mvua ikinyesha, futa ratiba.

Juu ya ratiba hiyo kuna kipimo cha kijiti. Chomeka kijiti kikavu cha mbao kando ya mche hadi kina cha kidole cha kati, ngoja dakika chache, kitoe. Kikitoka kimegandwa na udongo mbichi, weka kopo chini uende zako. Na ukiona mmea umelegea mchana wa jua kali, usimwagilie, rudi alfajiri. Ukiukuta umesimama wima, ulikuwa unajihami na joto tu. Ukiukuta bado umelala na kijiti kinatoka kikavu, hapo mpe maji. Umelala na kijiti kinatoka kimelowa? Mizizi inaanza kuoza, na tone lolote unaloongeza ni la kuumalizia.

Maji yaende chini na yaende mbali: mara chache, kwa wingi, mpaka sentimita 30 za udongo zilowe. Vijiko vya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu. Ukitumia mpira wa matone, tundu la maji likae sentimita 15 hadi 20 kutoka shinani, na kadiri mmea unavyotanuka ulisogeze. Kunyunyizia juu ya majani acha.

Kama maji yako yana chumvi, baada ya miezi utaona ukoko mweupe juu ya changarawe na ncha za majani zikiungua. Mara moja moja mwagilia kwa wingi kuliko kawaida, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Hilo linawezekana tu kama tuta linapitisha maji, na ndiyo maana nimekuganda na habari ya tuta.

Mbolea

Hakuna. Naitrojeni hukuza vijiti virefu, laini, vinavyoanguka kila upepo ukija, na maua machache. Kiganja kile cha mboji ulichoweka wakati wa kupanda kinatosha kwa miaka.

Hatua ya tano: kupogoa

Samaki mkunje angali mbichi. Lavenda isiyokatwa kila mwaka huinuka, hugeuka mti chini, hufunguka katikati kama kiota kilichokaliwa na kuku, na baada ya miaka minne au mitano unabaki na kichaka cha vijiti chenye majani nchani. Inayokatwa vizuri tangu utotoni hufikisha miaka kumi na kuendelea.

Mwaka wa kwanza, yanapotokeza matumba, yakate. Inauma, najua. Nguvu iliyokuwa iende kwenye maua inashuka mizizini na kuchochea matawi ya pembeni.

Kuanzia mwaka wa pili, kata mara tu maua yanapochakaa. Piga magoti uinamie mmea, utenganishe matawi kwa mkono wa kushoto. Chini kabisa kuna mti wa kahawia, mkavu, wenye magamba, bila jani. Juu yake shina linaanza kuwa kijani, na ukilitazama vizuri utaona vichipukizi vidogo vya kijivu, kama punje za mtama, vimekaa kwenye makwapa ya majani. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa matawi ya mwakani. Mkasi upite juu yao, ukiacha sentimita tatu hadi tano za kijani juu ya mti wa kahawia. Kwa jumla utakuwa umeondoa karibu theluthi moja ya mmea, na umbo linalobaki liwe la mviringo kama kilima.

Usikate ndani ya mti wa kahawia usio na jani. Mara nyingi hauchipui tena, na utakachopata ni pengo la kudumu. Kama kwako kuna barafu, maliza kupogoa angalau wiki sita kabla haijaanza, machipukizi laini yasije yakaungua.

Kuvuna na kukausha

Kwa mashada ya kukausha, kata mashuke wakati vimaua vichache vya chini ya kila shuke vimefunguka na vingine bado ni matumba. Ukingoja vyote vichanue, vikikauka vitadondoka vyote sakafuni. Kata asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijapanda likayapunguza mafuta. Nyuki nao saa hizo bado wazito. Waachie mashuke ya upande mmoja, wamekuja mbali.

Funga mafungu madogo, unene unaoenea ndani ya duara la kidole cha shahada na gumba. Tumia raba badala ya kamba, kwa sababu vikonyo hunywea vikikauka na kamba hulegea, usiku wa manane shada likaanguka. Ninginiza kichwa chini, gizani, penye upepo. Mwanga hupausha rangi. Hewa ikiwa kavu, wiki moja au mbili zinatosha. Kikonyo kikikatika kwa mlio badala ya kupinda, tayari.

Kuzalisha miche

Chagua chipukizi lisilo na ua, la mwaka huu, linaloanza kukakamaa chini huku ncha ikiwa laini. Kata kipande cha sentimita 8 hadi 10, mkato ukiwa chini tu ya kifundo, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mkali wa mto uliochanganywa na mboji kidogo. Weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja, mchanga uwe na ubichi usiofikia tope. Mifuko ya plastiki ya kufunikia mimi nimeiacha: kwa majani yenye malaika, unyevu uliofungiwa huleta ukungu kabla ya mizizi. Baada ya wiki tatu hadi sita vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kimeshika. Hamishia kwenye chungu, bana ncha ili kitoe matawi, na kabla ya kupanda nje kizoeshe jua siku chache.

Chungu cha udongo wa kuchomwa ni bora kuliko cha plastiki hata kwa mmea uliokomaa, kwa sababu kinapumua. Upana wa sentimita 30 hadi 40, theluthi moja changarawe, na kisahani cha chini kikitunza maji kitupe. Lavenda ya chunguni hukauka upesi, kwa hiyo kijiti kipitie humo mara nyingi kuliko bustanini.

Inapoumwa

Wadudu hawaisumbui sana. Ukiona povu kama mate kwenye vikonyo, ndani yake kuna kidudu kichanga cha kijani kinachofyonza maji ya mmea. Madhara yake mwenyewe ni madogo, mpige kwa mpira wa maji aondoke. Ila barani Ulaya wadudu wa kundi hili hubeba bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa huko mwaka 2013 kwenye mizeituni ya Puglia, Italia, na lavenda ni miongoni mwa mimea anayoweza kukaa ndani yake. Hana dawa. Kwa hiyo mche unaokuja na upande mmoja ukiwa umeungua bila sababu usiupokee, hata ukiwa wa bure.

Madoa ya manjano yanayong'aa, yasiyo na mpangilio, kwenye majani na mmea kujisokota ni dalili za virusi vinavyoenezwa na vidukari na pia na mkasi wako. Ng'oa, choma, osha mkasi kwa sabuni kabla ya kugusa mche wa pili.

Mmea uliofunguka katikati baada ya miaka mingi hauna tiba ya kukata. Chukua vipandikizi kwenye ncha zake zilizo hai, ung'oe, ufukue tuta lote na kulichanganya upya na changarawe mpya, kisha uliache likae wazi juani msimu mmoja kabla ya kupanda watoto wake pale pale.